Kifini Kinanishinda Kazini: Je, Tuhamie Helsinki?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na sasa ninaishi Oulu, kaskazini mwa Ufini, pamoja na mume wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka 4. Nyumbani nilikuwa muuguzi. Huku nimeajiriwa kama hoiva-avustaja, yaani msaidizi katika makao ya wazee, huku nikiendelea na masomo ili siku moja nirudie kazi yangu ya uuguzi. Mume wangu ndiye aliyetangulia kuja, akasoma chuo kikuu kwa Kiingereza, na hata kazi yake ya kompyuta anaifanya kwa Kiingereza tangu asubuhi hadi jioni. Mimi sina nafasi hiyo, kwa sababu wazee ninaowaogesha na kuwalisha hawajui lugha nyingine isipokuwa Kifini.

Nimemaliza kozi ya wanaoanza, na kitabu tulichotumia kinaeleza sarufi yote kwa Kiingereza. Jedwali la viambishi 15 vya nomino nimelibandika ukutani jikoni, na ninaweza kulikariri bila kusita. Lakini nikifika kazini ni kama sijasoma chochote. Mzee mmoja aliniambia, "Mulla on jalaka kipiä." Nikatafuta neno "jalaka" katika kamusi nisilipate, nikatafuta "kipiä" nalo nisilipate, na mzee akaendelea kunitazama mpaka mwenzangu alipokuja kumshughulikia. Nilijisikia vibaya sana, kwa kuwa mgonjwa alikuwa akinieleza maumivu yake nami, muuguzi, sikuweza kumsaidia.

Wenzangu kazini si watu wabaya, lakini nikikwama kidogo tu wao huhamia Kiingereza, na hapo Kifini changu hufa. Wakati wa mapumziko ya kahawa tunakaa meza moja na hakuna anayesema neno. Nilipokuwa nikimweleza mmoja wao jambo fulani, alikuwa akivuta pumzi kwa ghafla huku akisema "joo", nikadhani nimemshtua. Kwenye jengo tunaloishi nimewahi kumsikia jirani akisimama nyuma ya mlango wake akinisubiri nipite ngazi ndipo atoke. Kwetu Tanga, kumpita mtu bila kumsalimu ni kumtangazia ugomvi, na nimeanza kuamini kwamba hawanipendi.

Msimamizi wangu ameniambia, bila kutabasamu wala kukunja uso, kwamba taarifa ninazoandika mwisho wa zamu lazima ziwe bora zaidi. Kisha mwezi Desemba wafanyakazi waliandaa pikkujoulu, ile sherehe ndogo ya kabla ya Krismasi, na katika ratiba yake kulikuwa na sauna. Mimi ni Mwislamu na siwezi kuvua nguo mbele ya watu. Nilijibu "hapana" tu, nikabaki nyumbani, na tangu siku hiyo nahisi kuna ubaridi kati yetu.

Mume wangu anasema tuhamie Helsinki, ambako Kiingereza kinatosha. Pia anataka tuanze kuzungumza Kifini na mtoto nyumbani ili nami nipate mazoezi, maana mtoto amekishika haraka huko päiväkoti, shule yake ya awali, na sasa ananijibu kwa Kifini hata ninapomsemesha Kiswahili. Shangazi, je, kichwa changu kimezeeka? Je, watu hawa wananichukia? Na je, tuhame?

Ni mimi, Mgeni wa Oulu

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kipindi hiki kirefu cha giza, maana najua kwamba Oulu katika siku fupi za Desemba mwanga wa mchana haudumu hata kwa saa 4, na mambo mengi huonekana mazito zaidi yanapofikiriwa gizani.

Nianze na jibu lenyewe: msihame kwa sababu ya lugha. Kichwa chako hakijazeeka, na hakuna hata tukio moja katika barua yako linalonionyesha kwamba unachukiwa. Ninachokiona ni mwanamke anayejifunza Kifini kwa kukizunguka kupitia Kiingereza, na anayeitafuta katika kitabu lugha ambayo inasemwa mbele yake kila siku na wazee wa Oulu. Mambo hayo mawili yanarekebishika.

Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia wake lugha za kigeni hukisia kwamba Kifini huhitaji takriban saa 1100 za darasani, ilhali Kiswahili huhitaji takriban 900. Makadirio hayo yametengenezwa kwa ajili ya watu ambao lugha yao ni Kiingereza. Kwao, neno linalobebeshwa viambishi vingi ni kitu cha ajabu na cha kutisha. Wewe umekua ukisema "hatutawaambia", neno moja lenye mkanushaji, mtenda, wakati, mtendewa na kitendo, na hujawahi kuliona kuwa gumu. Mfini naye husema "talossammekin", akimaanisha "hata nyumbani mwetu", na tofauti kubwa ni kwamba yeye hupachika vipande vyake mwishoni mwa neno. Kitabu chako kinapokuonya kwamba jambo hilo ni gumu, kinakupa hofu ya mtu mwingine.

Chukua ukanushaji. Mwandishi anayemwelekeza Mwingereza hulazimika kueleza kwa kurasa kadhaa kwamba katika Kifini neno la kukanusha hubadilika kufuatana na mtenda: en puhu, et puhu, ei puhu, emme puhu, ette puhu, eivät puhu. Sasa tamka polepole: sisemi, husemi, hasemi, hatusemi, hamsemi, hawasemi. Ni utaratibu uleule, kitenzi kimetulia na kinachobadilika ni kikanushi. Hali kadhalika, Mfini mwenye njaa husema "minulla on nälkä", na mwenye kiu husema "minulla on jano", kwa kuwa njaa na kiu kwake ni vitu ambavyo mtu anavyo, kama vile sisi tunavyosema nina njaa na nina kiu. Neno "hän" halitofautishi mwanamume na mwanamke, na "yeye" halijawahi kutofautisha. Herufi nazo husomwa kama zilivyoandikwa, jambo ambalo Kiingereza hakikupi. Ukiyapitisha yote haya katika Kiingereza kwanza, unabeba mzigo mara mbili.

Hata lile jedwali la ukutani lingepungua uzito kama ungelisoma kwa Kiswahili. Sisi tuna -ni moja inayofanya kazi nyingi: ninakaa nyumbani, ninatoka nyumbani, ninakwenda nyumbani. Mfini amezigawa kazi hizo tatu, akasema talossa kwa kukaa ndani, talosta kwa kutoka ndani, na taloon kwa kuingia. Kisha ana seti nyingine ya tatu kwa mahali pa juu au pa wazi: pöydällä kitu kikiwa mezani, pöydältä kikiondolewa, pöydälle kikiwekwa. Utauliza kwa nini atofautishe ndani na juu, lakini wewe mwenyewe hufanya hivyo, kwa sababu husema mezani pana vikombe na kabatini mna nguo, wala huwezi kuchanganya "pana" na "mna". Hisia unayoitumia hapo ndiyo utakayoitumia kuchagua kati ya -lla na -ssa mara nyingi, ingawa zipo sehemu ambazo Wafini wamezipanga kwa desturi yao na itakubidi uzipokee tu. Hizo seti mbili ni viambishi 6 kati ya 15. Ongeza umbo la msingi, lile la umiliki na lile la sehemu, upate 9, na hizo zitakutosha kwa zamu nzima kazini. Vilivyobaki viache vije vyenyewe. Lakini kuwa mwangalifu na mtego mmoja, nao ni kwamba -ni ya Kifini humaanisha "yangu". Taloni ni nyumba yangu, na mara kadhaa nimemsikia Mswahili akiitumia kwa maana ya nyumbani bila kujua.

Umbo la sehemu, linalowatesa wengi, usilisome kama kanuni kwa sasa. Lipokee ndani ya sentensi kamili unazozihitaji: "Haluatteko kahvia?" ukimuuliza mzee kama anataka kahawa, "Saisinko vettä?" ukiomba maji, "Tarvitsetteko apua?" ukiuliza kama anahitaji msaada. Sentensi zikishakaa mdomoni, kanuni utaikuta imejieleza. Vivyo hivyo na yale mabadiliko ya konsonanti ambayo hufanya kukka, yaani ua, kuwa kukan linapopata kiambishi. Sijamwona anayeanza aliyeyashika kwa kukariri jedwali.

Ninataka ukae zaidi kwenye matamshi, kwa kuwa hapa Kiswahili kinakupa msaada kwa mkono mmoja na kukuzuia kwa mwingine. Kinakuzuia katika mkazo. Ulimi wetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunafanya hivyo bila kufikiri, ilhali Kifini huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza siku zote. Msikilizaji wa Kifini hutegemea mkazo huo kujua neno jipya limeanzia wapi. Ukiuhamisha, anaweza kupoteza sentensi nzima ingawa kila sauti umeitamka sawasawa, na nadhani hii ni sababu mojawapo inayowafanya wenzako wakimbilie Kiingereza. Soma kwa sauti sentensi za kazini huku ukigonga meza kwenye silabi ya kwanza ya kila neno, ujirekodi kwenye simu, kisha ujisikilize ukilinganisha na sauti ya mtangazaji. Shirika la utangazaji la Ufini, Yle, hutoa taarifa ya habari kwa Kifini chepesi, kiitwacho selkosuomi, na inasomwa polepole kiasi cha mtu kuweza kuifuata na kuirudia.

Kiswahili kinakusaidia katika urefu wa irabu. Hakuna Mswahili anayechanganya kufa na kufaa, na kwa hiyo sikio lako tayari linajua kwamba irabu mbili si sawa na moja. Lipeleke sikio hilo kwenye Kifini ukilizingatia kikamilifu. "Tapaan sinut huomenna" humaanisha nitakutana nawe kesho, na ukiifupisha irabu ya pili ikawa "tapan", umemwahidi mtu kwamba utamuua. Tuli ni moto, tuuli ni upepo, na tulli, yenye konsonanti ndefu, ni forodha. Konsonanti ndefu ni ngeni zaidi kwetu, nayo hutamkwa kwa kuishikilia kidogo kabla ya kuiachia, kama katika kuka, nani, na kukka, ua. Jipatie pia muda wa irabu ä, ö na y, hasa ä, kwa kuwa kazini kwako kuna tofauti kati ya saari, kisiwa, na sääri, muundi wa mguu.

Sasa nije kwa yule mzee, kwa maana sehemu hiyo ya barua yako ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Hukulipata "jalaka" katika kamusi kwa sababu kamusi imeandika "jalka", mguu, na "kipiä" imeandikwa "kipeä", yaani wenye maumivu. Alikuwa akikuambia kwamba mguu unamuuma. Watu wa Oulu na maeneo ya jirani hupenyeza irabu katikati ya konsonanti fulani zinazokutana, hivyo kolme, tatu, huwa kolome, na kylmä, baridi, huwa kylymä. Wewe unayetoka katika lugha iliyoigeuza "book" ya Kiingereza kuwa buku na "club" kuwa kilabu huna haja ya kufundishwa kwa nini mdomo hupenda kuwekewa irabu. Tena, pale ambapo kitabu kimeandika "minä" na "sinä", yaani mimi na wewe, wao husema "mää" na "nää". Upo msemo maarufu wa mji wenu, "Ookko nää Oulusta, pelekääkkö nää polliisia?", yaani je, wewe ni wa Oulu, unaogopa polisi? Lile sanamu la polisi mnene kwenye uwanja wa soko, Toripolliisi, limeandikwa jina lake kwa lafudhi hiyohiyo. Ukimtamkia mzee msemo huo kwa sauti ya heshima, nina hakika mtakuwa na mazungumzo.

Usione kwamba ulidanganywa darasani. Kifini cha maandishi kilianza kujengwa katika karne ya 16 na Mikael Agricola, aliyekuwa askofu wa Turku, ambaye kitabu chake cha alfabeti kilichapwa takriban mwaka 1543 na tafsiri yake ya Agano Jipya mwaka 1548. Wafini huiadhimisha lugha yao tarehe 9 Aprili, siku aliyofariki mwaka 1557, na bendera hupandishwa. Turku iko kusini-magharibi, mbali sana na Oulu, na lugha ya vitabu iliendelea kusanifiwa kwa karne kadhaa baadaye bila kuwalazimisha wazee wa kaskazini waache lugha ya mama zao. Wewe umekulia mwambao ambako Kiswahili sanifu, kilichochaguliwa kutokana na Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, hakikumzuia Mmvita kusema ndia badala ya njia. Unajua kuishi na lugha mbili ndani ya moja.

Kwa hiyo weka daftari lenye safu mbili. Upande mmoja andika neno kama ulivyolisikia, upande wa pili andika umbo lake la kitabuni baada ya kumuuliza mwenzako: "Anteeksi, mitä 'jalaka' tarkoittaa?", yaani samahani, "jalaka" maana yake nini? Umbo la kwanza ni la masikio yako, usijilazimishe kulisema. La pili ndilo la kuandikia. Mzee akilalamika tena, muulize "Mihin sattuu?", wapi panauma, umwache akuonyeshe kwa mkono. Na kwa wazee wa umri huo tumia "te" badala ya "sinä". Ufini haina shikamoo, lakini mzee wa miaka 90 atatambua kwamba umempa heshima yake.

Kuhusu taarifa za zamu, jambo hili ni dogo kuliko unavyoliogopa, kwa sababu lugha ya kumbukumbu hizo ni ya sentensi fupi zinazojirudia. "Asukas nukkui hyvin", mkazi alilala vizuri. "Asukas söi aamupalan", alikula kifungua kinywa. "Asukas valitti jalkakipua", alilalamika maumivu ya mguu. Muombe msimamizi wako akuonyeshe taarifa zilizoandikwa vyema, usome hapohapo kazini namna zilivyoundwa, na unakili miundo peke yake bila jina wala habari yoyote ya mkazi, maana siri ya mgonjwa unaijua wewe kabla hujafika Ufini. Msimamizi aliyekuambia jambo hilo waziwazi, bila kulizungushia maneno, amekutendea kama mfanyakazi anayetarajiwa kubaki. Huko ndivyo watu wanavyopeana maelekezo, na uso usiotabasamu haumaanishi hasira.

Hilo linanileta kwenye ukimya. Nimeufikiria sana, kwa kuwa ndio unaowaumiza Waswahili wengi kuliko hata baridi. Sisi hutumia salamu kumthibitishia mtu kwamba tumemwona na tunamtambua: habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi. Wafini wengi huamini kwamba kumwacha mtu apumzike bila kudaiwa maneno ni adabu, na yule jirani aliyekusubiri nyuma ya mlango huenda alikuwa akikupa nafasi yako ya kupita, jambo ambalo humfanyia pia Mfini mwenzake. Meza ya kahawa iliyonyamaza inaweza kuwa meza ya watu waliotulia pamoja. Na yule aliyevuta pumzi akisema "joo" alikuwa akikubaliana nawe, kwani watu wengi nchini humo husema "joo" huku wakiingiza hewa, ni ishara kwamba anakufuata. Tangulia wewe kusema "moi", salamu yao fupi, kwenye ngazi, usingoje zaidi ya "moi" moja, na urudie kesho yake. Ukiuliza "Mitä kuuluu?", yaani habari gani, uwe tayari kusubiri jibu, kwa sababu wengi huliona hilo kuwa swali la kweli.

Sisemi kwamba hakuna ubaguzi Ufini. Upo, na wapo wahamiaji wenye ngozi nyeusi walioumizwa nao kazini na barabarani. Mtu akikutukana, akikunyima zamu au mafunzo kwa sababu ya asili yako, hayo hayaitwi utamaduni wala ukimya. Yaandike na tarehe yake, mweleze luottamusmies, mwakilishi wa wafanyakazi, na fahamu kwamba ipo ofisi ya serikali ya kushughulikia ubaguzi, iitwayo yhdenvertaisuusvaltuutettu. Nakuomba tu usiuweke ukimya wa mezani katika kapu hilo kabla hujaupima.

Kuhusu wenzako kuhamia Kiingereza, wao hudhani wanakusaidia. Chagua mmoja unayemwamini, umwambie mapema, kabla ya zamu: "Harjoittelen suomea. Puhutaan suomea, jos sopii." Ninajifunza Kifini, tuzungumze Kifini kama ni sawa kwako. Wafini huheshimu sana makubaliano, na aliyekubali atashikamana nayo hata utakapokwama. Ukikwama, sema "Voisitko toistaa?", yaani unaweza kurudia?, kisha ujaribu tena, uvumilie sekunde za kimya. Nje ya kazi, ulizia kansalaisopisto, vyuo vya elimu ya watu wazima ambavyo ada yake huwa nafuu, na maktaba za miji hupanga kielikahvila, vikao vya kahawa ambamo wageni na wenyeji huzungumza Kifini bila mtihani wala alama.

Helsinki haitakuondolea haja hii. Mume wako ataishi huko kwa Kiingereza, ndiyo, lakini wazee wa Helsinki wanaumwa kwa Kifini au kwa Kiswidi, na muuguzi asiyewaelewa atakuwa na shida ileile akiwa na kodi kubwa zaidi ya nyumba. Zaidi ya hayo, anayeomba uraia hutakiwa kuonyesha ujuzi wa Kifini au Kiswidi, na njia ya kawaida ni mtihani wa taifa wa lugha, uitwao YKI, angalau ngazi ya 3. Yeye naye atafika mlangoni hapo. Napendekeza mwende kielikahvila kwa zamu, mmoja akibaki na mtoto, ili asiwe mtu wa kukushauri juu ya safari ambayo yeye mwenyewe hajaianza.

Mtoto mwacheni na Kiswahili chake. Kifini atakipata päiväkoti kutoka kwa wenye nacho, kwa lafudhi sahihi, iwe mnamsaidia au hamumsaidii. Kiswahili atakipata kwenu au hatakipata popote. Ukimsemesha Kifini chako cha sasa, utamfundisha makosa yako, kisha siku atakapotaka kukueleza jambo zito la moyoni mtakuwa mnazungumza lugha ambayo mama ndiye dhaifu ndani yake. Akikujibu kwa Kifini, usimgombeze, endelea kwa Kiswahili, mhadithie, muimbie, mpigieni bibi yake Tanga mara kwa mara ili aone kwamba wapo watu ambao hawezi kuwafikia kwa njia nyingine. Akianza shule, ulizia masomo ya lugha ya nyumbani, kwani miji mingi huyatoa palipo na watoto wa kutosha. Wala usimfanye mkalimani wako dukani au hospitalini.

Limebaki lile la sauna. Sauna kwao si anasa wala uchafu wa tabia, ni mahali pa kujisafisha na kutulia ambapo kila mtu ni sawa, na mwaka 2020 UNESCO iliiingiza desturi hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Katika sherehe za kazini wanawake na wanaume kwa kawaida huingia kwa zamu tofauti, na hakuna anayelazimishwa. Anayekaribishwa sauna amekaribishwa karibu sana, na "hapana" yako isiyo na maelezo waliisikia kama kukataa watu. Dini yako hawakuijua kwa sababu hukuitaja, na kwa desturi yao hawawezi kukuuliza. Waeleze sasa, wakati wa kahawa, hata kama miezi imepita, kwamba kwako kuvua nguo mbele ya wengine hairuhusiwi na kwamba ungependa kuwa nao. Na mwaliko ukija tena, jibu hivi: "Tulen mielelläni juhliin, mutta en tule saunaan." Nitakuja kwenye sherehe kwa furaha, lakini sauna sitaingia. Kisha nenda ule nao.